Wenyewe Wapo: Mazungumzo Kuhusu Guatemala kwa Wanaopanga Safari

Maneno haya niliyasema Moshi mbele ya kikundi cha watu wanaoweka akiba kwa ajili ya safari za mbali. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kaka na dada zangu, habari za jioni. Wazee, shikamooni. Vijana, salamu zenu nitazipokea wakati wa chai.

Katibu aliniomba nichague nchi moja ya Amerika ya Kati niwaeleze mambo yake, maana baadhi yenu mmesema Dubai sasa basi. Nadhani alitegemea nije na Costa Rica, nchi iliyovunja jeshi lake mwaka 1948, au Panama na mfereji wake. Hizo nawaachia wengine. Mimi nimekuja na Guatemala. Kazi yangu ni kuonja kahawa, na mwonja kahawa hakai miaka mingi bila kuifahamu Guatemala, angalau kwa ulimi. Nimebahatika kuifahamu kwa miguu pia.

Ni nchi ndogo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 109,000, kwa hiyo Tanzania ingeweza kuzimeza Guatemala nane na nafasi ikabaki. Watu wake ni kama milioni 18. Imepakana na Meksiko, Belize, Honduras na El Salvador, upande mmoja ina Pasifiki na upande mwingine kipande kidogo cha Bahari ya Karibi. Jiografia inatosha, ramani mnazo kwenye simu.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja, na mengine yote nitayatundika hapo. Wasafiri wengi huondoka kwao wakiwa wamesikia kwamba Wamaya walikuwa taifa kubwa lililojenga mahekalu msituni kisha likatoweka. Basi wanakwenda Guatemala kutazama mawe ya marehemu. Wanapita sokoni katikati ya watu wanaozungumza Kikaqchikel, lugha ya Kimaya, wanakula chapati za mahindi zilizopigwa na mikono ya mama wa Kik'iche', Mmaya pia, halafu wanapanda ndege kwenda kwenye magofu na kumuuliza kiongozi wa watalii: hivi hawa Wamaya walikwenda wapi?

Hawakwenda popote. Katika sensa ya mwaka 2018, zaidi ya watu 40 katika kila 100 walisema wenyewe kwamba ni Wamaya. Wenyewe wapo. Ukifika kule ukiwa na jambo hilo kichwani, utaiona nchi. Ukifika bila hilo, utarudi na picha za mawe tu.

Haya, mawe yenyewe msiyakose. Tikal iko kaskazini, katika msitu wa Petén, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Hekalu lake refu kuliko yote, wanaloliita la Nne, lina urefu wa zaidi ya mita 60, na ukiwa juu unaona vilele vya mahekalu mengine vikichomoza kwenye majani. Alfajiri kuna nyani wanaonguruma kwa sauti ambayo mgeni huapa ni ya simba. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kuipima ardhi ya Petén kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege. Miale ile ilipenya majani na kuonyesha majengo, barabara, ngome na mifereji ya mashamba: miundo zaidi ya 60,000 ambayo haikuwa imeandikwa popote. Hapo ndipo wengi walipokubali kwamba msitu ule wanaouita wa asili uliwahi kuwa mashamba na mitaa.

Miji hiyo ya bondeni iliachwa kati ya karne ya 8 na ya 10. Watafiti wanataja ukame uliorudi mara kwa mara, vita kati ya falme, na ardhi iliyochoka. Wafalme walianguka, watu wakahama. Kuhama si kutoweka. Ushahidi mtaulala juu yake, maana wageni wengi wa Tikal hulala Flores, mji mdogo kwenye kisiwa cha ziwa Petén Itzá. Kisiwa hicho kilikuwa Nojpetén, makao ya ufalme wa Waitza, kabila la Wamaya. Wahispania waliingia Guatemala mwaka 1524. Nojpetén iliwashinda mpaka mwaka 1697. Wale waliodaiwa kutoweka miaka 800 kabla walikuwa bado wana mfalme.

Sasa tupande nyanda za juu, maana huko ndiko ningependa mtumie siku zenu nyingi.

Kihispania ndicho lugha ya serikali, lakini nchi ina lugha 22 za Kimaya, pamoja na Kixinka na Kigarífuna, na sheria ya mwaka 2003 inazitambua zote. Kik'iche' peke yake kina wazungumzaji zaidi ya milioni moja. Vijijini mtakutana na kina mama watu wazima ambao Kihispania chenu kibovu na chao kibovu vitakutana njiani. Jifunzeni neno la shukrani la mahali mnapokwenda. Kwa Wak'iche' na Wakaqchikel ni maltyox, kwa Waq'eqchi' ni b'antyox. Sijaona ufunguo wa bei nafuu kuliko huo.

Mkibadilisha fedha, msiziweke mfukoni kabla ya kuzitazama. Sarafu ya nchi inaitwa quetzal, jina la ndege wa kijani ambaye dume lake huburuta manyoya ya mkia marefu, na ambaye wakuu wa Kimaya walivaa manyoya yake. Kwenye noti, pembeni, mtaona vitone na vistari. Hizo ni tarakimu za Kimaya. Kitone ni moja, kistari ni tano, na kuna alama ya kombe ambayo ni sifuri. Wamaya walikuwa wakiitumia sifuri wakati Ulaya ilikuwa bado inaandika hesabu kwa tarakimu za Kirumi. Wanahesabu kwa makundi ya ishirini.

Na kalenda? Mnakumbuka zogo la Desemba 2012, kwamba kalenda ya Wamaya inasema dunia inakwisha? Wamaya wenyewe hawakusema hivyo. Duru moja ndefu ya hesabu ilikwisha, nyingine ikaanza. Wanayoishi nayo wengi wao kila siku ni kalenda ya siku 260: majina 20 ya siku yakizunguka na namba 13. Wapo wazee, wanaume kwa wanawake, wanaoitwa ajq'ij, ambao kazi yao ni kuzihesabu siku hizo na kumwambia mtu siku ipi inafaa kupanda, kuoa au kuanza safari. Hesabu hiyo haikukatika, hata kasisi alipokuwa akiichungulia dirishani. Katika mji wa Momostenango, siku inayoitwa Nane B'atz' inapofika, moto na ubani huwashwa kuikaribisha duru mpya.

Nimetaja chapati za mahindi. Naomba mnivumilie hapa kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa ugali na jambo hili linatuhusu tumboni.

Mahindi yalizaliwa upande ule wa dunia, Meksiko na majirani zake, kisha mabaharia wakayasambaza mpaka yakatufikia. Simulizi ya uumbaji ya Wak'iche' inasema waumbaji walijaribu kwanza kumfinyanga mtu kwa udongo, akalowa na kumomonyoka. Wakamchonga kwa mti, akatembea na kusema, lakini hakuwa na moyo wala kumbukumbu. Mara ya tatu wakatumia unga wa mahindi ya manjano na meupe, na huyo ndiye mtu. Kwa hiyo ukila kwao ukaacha tortilla sahanini, usishangae mwenye nyumba akikutazama vibaya.

Tortilla ni chapati nyembamba ya mahindi, isiyo na mafuta, inayokaangwa kwenye bamba kavu. Lakini hawasagi mahindi makavu kama sisi. Wanayachemsha na chokaa, wanayaacha yalale, asubuhi wanayaosha na kuyasaga yakiwa mabichi-mabichi. Mwanzoni nilidhani ni kulainisha tu. Kumbe chokaa inafungua vitamini fulani, niasini, ambayo ndani ya mahindi imefungwa mwili usiweze kuichukua. Wazungu walichukua mahindi wakaacha chokaa, na maskini wa Italia, Uhispania na baadaye kusini mwa Marekani wakaugua pelagra kwa vizazi: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika. Mwaka 1990 ugonjwa huohuo uliwapata wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, walipokuwa wakiishi kwa unga wa mahindi na karanga zikakosekana kwenye mgawo. Maharage, karanga na samaki ndivyo vinavyotulinda sisi. Hao wenzetu walipata kinga yao ndani ya chungu kilekile cha mahindi, miaka elfu na zaidi kabla mtu hajaipa vitamini hiyo jina.

Vyakula vingine nitavipitia haraka. Pepián ni mchuzi mzito wa kuku au nyama, uliosagiwa mbegu za maboga na ufuta na pilipili za kukausha. Kak'ik ni supu nyekundu ya bata mzinga kutoka Cobán. Maharage meusi mtayaona asubuhi, mchana na jioni, na ndizi za kukaanga pembeni. Hakuna Mtanzania atakayelala njaa. Parachichi pia: lile la Hass mnaloliona likipakiwa Njombe kwenda Ulaya lina damu ya maparachichi ya Meksiko na ya Guatemala. Kule mtakula ndugu zake wenye maganda magumu kama ubao, na nawaambia ni matamu kuliko Hass. Katibu, hilo uliandike.

Usafiri. Mabasi ya wananchi huitwa camioneta, na ni mabasi yaliyowahi kubeba wanafunzi wa shule Marekani. Yakizeeka hupigwa mnada, huendeshwa kupitia Meksiko yote, kisha hupakwa rangi zote zilizopo dukani, hupewa jina la kike au la mtakatifu, na kiti cha watoto wawili huketi watu wazima watatu. Konda anaitwa ayudante. Anapanda juu ya paa kupanga mizigo basi likiwa kwenye kona. Aliyekulia kwenye daladala atajisikia nyumbani, isipokuwa milima ni mikali zaidi. Pandeni mchana, baina ya miji. Ndani ya mji mkuu msipande mabasi ya kawaida, maana magenge yametoza madereva kodi ya damu kwa miaka mingi na abiria huporwa. Huko tumieni teksi inayoitwa na hoteli. Miji midogo ina bajaji, zilezile za kwetu.

Nendeni ziwa Atitlán. Ziwa hilo limekaa ndani ya shimo la mlipuko wa volkano wa zamani sana, kina chake ni zaidi ya mita 300, na volkano tatu zimesimama ukingoni: San Pedro, Tolimán na Atitlán. Vijiji vingi vya kandoni vina majina ya watakatifu, na kutoka kimoja hadi kingine mnapanda boti. Vukeni asubuhi. Mchana upepo unaoitwa Xocomil huinuka na maji hubadilika tabia ghafla. Katika kijiji cha Santiago kuna mzee wa mti aliyevaa kofia na tai nyingi, Maximón, anayewekewa sigara mdomoni na pombe miguuni, na kila mwaka anahamia nyumba ya mlezi mwingine. Kanisa halimpendi sana. Watu wanampenda.

Kutoka hapo si mbali kufika Chichicastenango, ambako gulio ni Alhamisi na Jumapili. Ngazi za kanisa la Santo Tomás ni 18, na wenyeji wanaziunganisha na miezi 18 ya kalenda ya jua ya mababu. Watu hufukiza ubani wa copal kwenye ngazi, kisha wanaingia ndani kuwasha mishumaa sakafuni. Mgeni hutumia mlango wa pembeni, ngazi kuu ni za waumini. Msipige picha ndani.

Juu ya picha nitakaza sauti. Msimpige picha mtoto wa mtu bila idhini ya mzazi, na msimshikeshike mtoto hata kama ni mzuri kiasi gani. Mwaka 2000, katika mji wa Todos Santos Cuchumatán, mtalii Mjapani na dereva wa basi la watalii waliuawa na umati baada ya uvumi kuenea kwamba kuna wezi wa watoto. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini hofu ilikuwa na mizizi, na mizizi hiyo ndiyo nataka niieleze.

Mwaka 1944 wananchi walimng'oa dikteta na kupata miaka kumi ya serikali walizozichagua. Rais Jacobo Árbenz alipoanza kugawa ardhi iliyolala bila kulimwa, ikiwemo ya kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit, shirika la ujasusi la Marekani lilisaidia kumpindua. Ilikuwa 1954. Kuanzia 1960 hadi mkataba wa amani wa Desemba 1996 nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotea. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti mwaka 1999: kati ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya, na asilimia 93 ya ukiukaji ilibebeshwa jeshi na vikosi vya serikali. Vijiji vizima vya Waixil, kabila jingine la Wamaya, vilichomwa. Mwaka 2013 mtawala wa zamani wa kijeshi, Efraín Ríos Montt, alihukumiwa kwa mauaji ya kimbari katika mahakama ya nchi yake mwenyewe, na mama za Kiixil wakatoa ushahidi wakiwa wamejitanda shali. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu. Alikufa mwaka 2018, kesi ikiwa inasikilizwa upya.

Nguo zile mtakazozinunua sokoni zinasimulia vita hivyo pia. Blauzi ya kina mama, huipil, hufumwa kwa mtambo wa vijiti unaofungwa kiunoni na upande mwingine kwenye nguzo au mti. Kila mji una michoro yake, kwa hiyo anayejua kusoma anamtambua mtu wa Nebaj kwa mtu wa Chichicastenango akiwa bado mbali. Wakati wa vita utambulisho huo uliweza kukuua, na wako wanawake waliokimbilia mjini wakavua huipil zao wasijulikane. Leo wanazivaa benki, chuo kikuu na bungeni. Wafumaji wamefika hadi Mahakama ya Katiba wakitaka michoro yao ilindwe dhidi ya wafanyabiashara wanaoinakili kwa mashine. Huipil nzuri huchukua miezi kufumwa. Ukitajiwa bei, punguza kidogo kwa adabu, usipunguze kama unanunua mtumba.

Na Oktoba 2023, mwendesha mashtaka mkuu na wenzake walipojaribu kumzuia rais mteule Bernardo Arévalo, walioziba barabara za nchi kwa wiki kadhaa bila bunduki waliongozwa na viongozi wa jadi wa Kimaya, hasa wale wa Totonicapán, wakiwa na fimbo zao za mamlaka. Arévalo, mtoto wa rais wa kwanza wa ile miaka kumi niliyoitaja, aliapishwa usiku wa manane kupita, tarehe 15 Januari 2024. Hao ndio "waliotoweka".

Sasa iliki. Hapa nina upendeleo, mnisamehe.

Ukimuuliza mtu nchi gani inaongoza duniani kwa kuuza iliki nje, atasema India. Wengine watasema Zanzibar kwa mapenzi tu. Jibu ni Guatemala. Iliki ilipelekwa huko kutoka Asia karibu mwaka 1914 na mkulima Mjerumani wa kahawa, ikapandwa karibu na Cobán, jimbo la Alta Verapaz. Kuna ukungu, kuna manyunyu yasiyoisha, kuna kivuli cha miti mikubwa, mazingira ambayo mtu wa Amani, Usambara Mashariki, angeyatambua mara moja. Leo wanaolima ni maelfu ya familia za Waq'eqchi' zenye vishamba vidogo milimani. Vikonyo vya iliki hutokea chini kabisa ya shina, kwa hiyo mchumaji huinama siku nzima kwenye tope. Mbichi huuzwa kwa dalali, hukaushwa kwenye matanuri ya kuni, hupangwa kwa rangi. Ya kijani kibichi ndiyo ya bei.

Halafu wanaipeleka wapi? Saudia, Emirati na nchi nyingine za Waarabu, na Asia Kusini. Ile kahawa nyepesi ya dhahabu unayokaribishwa nayo Ghuba, mara nyingi iliki yake ilichumwa na Mq'eqchi'. Yeye mwenyewe hainywi. Nimewauliza wakulima wanaipikia nini, wakacheka. Kwao ni zao la fedha, halina mahali jikoni. Nilipowaeleza kwamba kwetu chai ya maziwa bila iliki ni maji ya moto, na kwamba pilau, maandazi na vitumbua vinaidai, mmoja aliniuliza kwa dhati kama hatuumwi tumbo.

Msiione Alta Verapaz kama bustani tu. Kuanzia miaka ya 1870 serikali ilichukua ardhi za vijiji, ikazigawa kwa wakulima wa kahawa, wengi wao Wajerumani, na sheria ikawalazimisha wenyeji kwenda kufanya kazi kwenye ardhi iliyokuwa yao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, kwa shinikizo la Marekani, Wajerumani walifukuzwa na mashamba yao yakataifishwa, lakini hayakurudi kwa Waq'eqchi'. Migogoro ya ardhi mtakayoisikia huko hadi leo ilianzia hapo. Kahawa ya Cobán ni nzuri, ina mwili laini na harufu ya matunda. Ya Huehuetenango ina uchachu mkali ninaoupenda zaidi. Naionja nikijua.

Mkiwa huko, fikeni Semuc Champey. Mto Cahabón unaingia chini ya daraja la asili la mawe ya chokaa lenye urefu wa kama mita 300, na juu ya daraja kuna madimbwi ya maji ya buluu na kijani ya kuogelea. Barabara ni mbaya. Inafaa.

Antigua kila mtu atawaambia, nami sitawachosha. Ilikuwa makao makuu mpaka matetemeko ya 1773 yalipoibomoa na serikali ikahamia ulipo mji mkuu wa sasa. Makanisa yaliyopasuka yameachwa hivyohivyo katikati ya mitaa ya mawe. Wiki Kuu kabla ya Pasaka watu hutandika barabarani mazulia ya unga wa mbao wa rangi na maua, usiku kucha, ili maandamano yayakanyage asubuhi. Kitanda cha wiki hiyo kinatafutwa miezi mingi kabla. Na kwa ninyi watu wa mlima: Acatenango, mita 3,976, hupandwa kwa kulala usiku mmoja juu, ukimtazama jirani yake, volkano Fuego, ambaye akiwa hai hurusha mawe mekundu mara kadhaa kwa saa. Ni mzuri kwa mbali. Tarehe 3 Juni 2018 alizika kijiji cha San Miguel Los Lotes na kuua mamia. Kiongozi akisema leo hatupandi, hampandi.

Muziki. Ala ya taifa la Guatemala ni marimba, ile ya mbao za kupigwa kwa virungu, wanaume watatu hadi saba wamepanga mstari. Wapo Waguatemala wanaoshikilia kwamba ni ya Wamaya, lakini watafiti wengi wanaona ilifika na Waafrika waliopelekwa utumwani, na mimi naamini masikio yangu. Chini ya kila ubao kuna kibuyu au sanduku lenye kitundu kilichozibwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe, ili sauti ivume kama nyuki. Sikilizeni timbila za Wachopi wa Msumbiji mkirudi. Mvumo ni uleule, ufundi ni uleule.

Waafrika hawakuacha mvumo tu. Kwenye pwani ya Karibi kuna mji unaoitwa Livingston, usiofikika kwa gari, ni boti tu kutoka Puerto Barrios au Río Dulce. Huko wanaishi Wagarífuna, wazao wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent, ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1797 hadi kisiwa cha Roatán, nao wakasambaa pwani yote. Agizeni tapado: samaki, kaa na kamba kwenye tui la nazi, na ndizi ndani. Mtu wa Tanga atamaliza sahani kabla hajauliza jina lake.

Nimalizie na mambo ya mfukoni. Kiangazi ni Novemba hadi Aprili, na ndicho kipindi kizuri. Saa zao ziko tisa nyuma yetu. Umeme ni volti 120 na plagi ni bapa za Kimarekani. Maji ya bomba msinywe. Dola moja imekuwa kwenye quetzal saba hadi nane kwa miaka mingi. Mji wa Quetzaltenango uko juu ya mita 2,300, bebeni sweta. Mwenye wiki ya ziada ajifunze Kihispania huko au Antigua, akiishi na familia. Shule ni nyingi na bei si mbaya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe na pasipoti, msiitupe chini ya begi. Mkiruhusiwa kuingia Guatemala, siku zenu 90 zinahesabiwa pamoja kwa El Salvador, Honduras na Nicaragua, kwa hiyo kuvuka mpaka hakuzianzishi upya.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi inapita Marekani, na Marekani inadai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu. Nimeona watu wakinunua tiketi kwanza na kugundua hilo baadaye. Pigeni hesabu ya njia ya Madrid, ulizeni ubalozi masharti ya pasipoti yenu kwa maandishi, na anayetaka kuwa Antigua wiki ya Pasaka aanze kuhangaika sasa, Januari atakuwa amechelewa.

Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Karibuni maswali.